Harusi Niliyokuzulia

Shikamoo, Nyanya, ingawa najua leo hutaniitikia marahaba.

Ile tamthilia yetu ya runinga imekwisha. Imekwisha kweli, wiki iliyopita. Siku ile niliyokwambia imekwisha, miezi saba kabla hujatutoka, nilikudanganya.

Astaghfirullah, hata kuandika naona haya. Kila tukishaswali Magharibi ulikuwa ukinipikia chai ya tangawizi, koo lisinikauke, nami nakaa mkekani nikufasirie Kizungu chao. Hukukubali niruke hata neno. "Hapo kasemaje? Na mbona analia?" Na yule binti muuza maua ukimpigia kelele: "Mwana wee, usimwamini mama mkwe huyo, nyoka!" Nikachoka, Nyanya. Nilitaka kukaa na simu yangu tu. Basi nikakwambia binti na mchumba wake wameoana, mama mkwe kaomba radhi, mwisho.

Ukapiga vigelegele. Kesho yake ukapika kaimati za harusi ile, nusu ya Mambrui ikala. Nami nikala, tena nikaongeza.

Vipindi vilikuwa bado tele. Nikawa navitazama chumbani kwa simu, waya masikioni, nawe uko barazani peke yako na tasbihi yako.

Mwisho wenyewe si kama ule wangu. Binti hakuolewa. Alimwachia mchumba wake pete mezani, akaenda kufungua duka lake mwenyewe, na mama mkwe hakumwomba radhi mtu. Mwanzo niliudhika, nikaona wametuonea. Kisha nikakukumbuka wewe, uliyemrudishia Babu mahari yake ukatoka kwake kwa miguu yako. Mwisho ule ulikuwa wako, Nyanya. Mimi nikakupa harusi.

Jana nikamwendea Bi Saumu wa jirani tuuzungumze mwisho huo. Akasema hata baada ya mimi kukwambia imekwisha, ulikuwa ukiusikia wimbo wa tamthilia kupitia ukuta wa kwake kila jioni. Alikukaribisha ukatazame, mwanawe akufasirie. Ukakataa. Ukamwambia: "Mjukuu wangu kaniambia imekwisha. Basi, kwangu mimi imekwisha."

Ulijua. Miezi saba ulijua, ukanisitiri, na chai ukaendelea kunipikia.

Sina uso wa kukuomba radhi, lakini nakuomba. Na nakuahidi: nikichoka na mtu nitamwambia nimechoka, anione nilivyo.

Mungu akunawirishie kaburi lako, Nyanya yangu. Kwaheri.

Mjukuu wako,
Rukia