Draiva wa Zamani na Kandambili wa Mama

Jumamosi, 8 Juni

Kompyuta ya mama mkwe imegoma tena. Inawaka, inaonyesha nembo, mara pu! – skrini ya buluu. Inajizima, inajiwasha, pu! Inazunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Mwezi uliopita kadi ya kuunganishia diski iliungua, harufu ikafika mpaka jikoni. Leo mume wangu kaleta kadi mpya. Kaichomeka, kakaza skrubu, kaanza kupiga mluzi. Mluzi ukamfia mdomoni.

Diski ziko mbili. Moja ni ya kuwashia kompyuta. Ya pili ni ya picha, na hiyo ndiyo inayopitia kwenye kadi. Mama aliipata maabara walipobadilisha mitambo. Mdomo wa diski hiyo ni wa kizamani, hauingii kwenye kompyuta nyingine yoyote tuliyojaribu. Fundi wa dukani naye hana cha kuisomea. Ushauri wake: fomati zote mbili, mfute kila kitu, muanze upya. Mama akamuuliza kwa upole, mkewe akiumwa jino huwa anamkata kichwa? Fundi akakumbuka ana mteja mwingine.

Si picha za harusi hizo. Mama alifanya kazi maabara maisha yake yote. Alipostaafu alinunua hadubini yake mwenyewe, akaifunga kamera. Anapiga picha vijidudu vya kwenye tone la maji! Ana kipenzi wake mmoja, umbo kama kandambili, na ndivyo anavyomwita. Kwa miaka alitaka kumnasa akijigawa, mmoja awe wawili. Siku moja akaacha kamera ikirekodi, usingizi ukampitia. Kuamka – wako wawili. Filamu ikaingia kwenye diski. Kabla hajaitazama, kadi ikaungua.

Na Alhamisi anapasuliwa jicho. La kulia lilishakwenda. Hili ndilo lililobaki, nalo linaona kwa ukungu. Daktari hakuahidi kitu.

"Nataka nimwone kwanza," alisema. "Baada ya hapo Mungu anajua."

Halafu akauliza nani kamaliza sukari.

Jumapili, 9 Juni

Tumempigia shemeji, mdogo wa mume wangu. Yuko mbali, anahudumia mitambo ya kampuni ya simu. Kaniuliza nini kinatokea, kwa mpangilio. Nikamweleza. Akacheka.

"Shemeji, kadi haina kosa. Draiva wa kadi ya zamani bado yumo."

Draiva ni nini? Maneno tu, anasema. Kompyuta na diski hawajuani lugha, huyo ndiye mkalimani wao. Kadi mpya ikija, mkalimani wa zamani anaidaka, anaongea nayo lugha ya marehemu. Mashine inapagawa.

"Kumbe dereva!" mama akadakia kutoka kitandani. "Gari limebadilishwa, yeye kang'ang'ania usukani!"

"Hasa, mama."

"Mshusheni basi!"

Hapo shemeji akaacha kucheka. Tusikurupuke. Humo wamo wengi, na majina yao yanafanana. Mmoja wao ndiye anayeongea na diski ya kuwashia. Tukimshusha huyo, kompyuta haiamki. Na kwenye diski hiyo ndiko iliko programu ya kufungulia filamu za kamera ile, na walioitengeneza walishafunga kampuni. Hakuna pa kuipata tena.

Nimekaa nawaza. Sanduku zima la chuma, waya, feni – na linasimama juu ya maneno ambayo hakuna anayeyaona. Ukifuta neno moja kimakosa, limelala milele. Mimi ni fundi wa mapazia. Vitu vyangu navishika mkononi. Hiki kimenitia hofu, lakini ile hofu ya kutaka kusogea karibu.

Kazi nimepewa mimi. Mume wangu anaogopa kukosea akimfikiria mama yake. Hajasema hivyo. Kasema ana shughuli.

Jumatatu, 10 Juni

Leo hakuna kufuta. Leo ni kujikinga tu, amri ya shemeji.

Nimezima kompyuta, nimechomoa waya ukutani, nimefungua ubavu. Sijawahi kuona ndani ya kompyuta! Vumbi kama sufi. Chini ya vumbi, vijistari vya shaba vinakwenda kila upande, vinapindana bila kugusana. Nani alikaa akashona kitu hiki? Mshono mmoja haujapotoka!

Nimetoa kadi mpya. Nimechomoa diski ya picha, nimeifunga kwenye taulo, nimemkabidhi mama. Ikiwa nje, hata nikikosea namna gani, haiguswi. Kaipakata kama mtoto mchanga.

Bila kadi, kompyuta imewaka bila kelele. Nimenakili vitu vyote vya muhimu kwenye diski ya nje. Halafu nimeiambia iweke alama – ijikumbuke ilivyo leo, ili kesho nikiharibu niirudishe hapa. Kitu chenye kujikumbuka! Mimi jana yenyewe siikumbuki vizuri.

Nakala ilichukua muda. Mama akaniita kwenye hadubini.

"Njoo, mwanangu. Tangu umeolewa humu hujawahi kutazama."

Kweli. Nilidhani si mambo ya kwetu sisi. Nimeweka jicho – giza. Nimesogea – kope zangu mwenyewe. Kisha ghafla, mwanga. Na ndani ya mwanga, yeye! Kandambili wa kioo, anapita akijiviringisha, ana vinywele pembeni vinavyopiga makasia. Anagonga kitu, anarudi nyuma, anafikiri – naapa anafikiri – anapita upande wa pili. Yote hayo kwenye tone la maji ya mtungi wa maua!

Nimepiga ukelele. Mama kacheka mpaka kakohoa.

"Unamwonaje?"

"Ana haraka, mama."

"Wote wana haraka. Mimi simwoni tena. Naona mwanga unaopita."

Kasema hivyo kama mtu anayesema mvua imenyesha. Nimerudisha jicho kwenye lenzi ili asione uso wangu. Halafu nikakumbuka hauoni.

Jumanne, 11 Juni

Siku ya kufumua. Nimekula kidogo.

Shemeji yuko kwenye simu. Kaniongoza niwashe kompyuta katika hali ya usalama. Inaamka na vitu vichache tu, kama mtu aliyetoka kitandani na shuka. Kila kitu kwenye skrini kimekuwa kikubwa, herufi mbaya. Nimefungua orodha ya vifaa. Kasema niombe inionyeshe na vilivyofichwa. Nikabofya – na wakatokea! Majina yaliyofifia, rangi ya kijivu, vifaa vilivyokufa au kuondoka zamani. Printa tuliyoigawa. Kamera iliyoibiwa. Vyote bado vimo, vimekaa kimya.

"Sasa nenda vidhibiti vya hifadhi, walipo wa diski. Shemeji, sikiliza vizuri. Wa kijivu ndiye…"

Simu ikakata.

Tumepiga, haipatikani. Tumepiga tena. Mume wangu kasema tuahirishe. Mama kasema Alhamisi haiahirishwi.

Kwenye vidhibiti kulikuwa na majina kadhaa. Ya kijivu, na moja jeusi. Yanafanana kama ndugu. Nimekaa. Pazia nikilifumua siangalii rangi ya uzi tu – nauvuta kidogo, naona kitambaa gani kinatikisika. Nikafungua maelezo ya kila mmoja. Wa kijivu: kifaa hiki hakijaunganishwa. Mwingine vilevile. Yule mweusi: kifaa kinafanya kazi vizuri.

"Huyu anafanya kazi," nilisema kwa sauti. "Huyu haguswi."

"Na jina la kadi iliyoungua?" mama akauliza. Alilikumbuka kwa kichwa! Nikamsomea yale ya kijivu, akatikisa kichwa, akatikisa, kisha akapiga goti lake. "Huyo! Huyo ndiye."

Nimemfuta huyo peke yake. Wengine wa kijivu nimewaacha, hawajatukosea. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika meza.

Nimeiwasha upya. Giza. Giza refu. Mume wangu alikuwa anasoma dua mlangoni nami nikajifanya sisikii. Nembo ikatokea. Kisha skrini yake ya mwanzo, na ile picha ya maua ya mama. Imeamka!

Nimekwenda kwenye orodha kuhakikisha – na mwanaharamu yuko palepale! Karudi!

Ni hapo shemeji akapiga. Betri ilikuwa imekwisha. Nikamweleza. Kasema nimefanya vizuri kuliko ambavyo angesema yeye, ila kuna kisanduku cha kuweka tiki: futa na programu yake pia. Bila hiyo unamtoa mtu na kumwachia ufunguo wa nyumba.

Nimerudia, na tiki. Nimeiwasha upya. Hayupo.

"Ufunguo umechukua?" mama kauliza.

"Nimechukua, mama."

Jumatano, 12 Juni

Diski imeonekana!!

Nimezima, nimechomoa waya, nimerudisha kadi mpya, nimeiwasha, nimeweka draiva wake mwenyewe, nimezima tena ndipo nikaunganisha diski. Imewaka. Hakuna buluu. Folda zote zimo, kwa majina aliyoyatoa mama: Maji ya Mtungi, Maji ya Mfereji, Maji ya Paa. Mume wangu kanibeba juu hadharani, mbele ya mama yake!

Lakini mama alitoka kupimwa hospitali, wamemtia dawa ya kupanua mboni. Haoni hata mkono wake. Kasema mmoja wetu asithubutu kuifungua bila yeye. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda.

Hakuna aliyefungua. Nimepita mlangoni pale mara nyingi, lakini sikufungua.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika daftari likiwa gotini. Filamu inakwenda.

Mama kavaa nguo za hospitali tayari. Uso wake uko karibu na skrini mpaka pumzi yake inaacha ukungu kwenye kioo. Mwanzo kandambili alikuwa anazunguka. Kisha akatulia. Mume wangu kataka kuikimbiza mbele, muda unakwenda. "Usimkimbize," mama kasema. "Yeye hakukimbizwa."

Kiuno kimeanza kubonyea.

"Kimeingia, mama, kama…"

"Usiniambie. Naona."

Baada ya muda mama: "Niambie." Nimemwambia. Kwamba ndani yake kuna kitu kinavutika pande mbili, kama unga ukikatwa matonge. Kwamba vinywele havijaacha kupiga. Kwamba sijui ni yupi aliyekuwa wa kwanza. "Hakuna wa kwanza," kasema. "Wote ni yeye."

Mume wangu kaja kutuita, funguo za gari mkononi. Kasimama nyuma yetu. Hajatoka tena.

Simu yake imeita. Ni hospitali, wanauliza tuko wapi. Kaikata, kairudisha mfukoni.

Sasa ni wawili, karibu. Wameshikana kwa uzi tu. Mmoja anavuta huku, mwingine kule. Ule uzi unang'aa! Sijui kama anauona. Siwezi kumuuliza.

Simu inaita tena. Mama kanyosha mkono, kidole chake kinatafuta njia kwenye kioo, taratibu – na kimetua pale hasa, juu ya uzi.

"Ngojeni," kasema.