Beseni la Maji ya Chumvi

Baba yangu uliye mbali,

Ujumbe wako umefika. Umesikia kwa watu kwamba Jumamosi ijayo ni sendofu yangu hapa Mpanda, naagwa kwenda kuolewa, na umeandika, "Nakuja kukaa kwenye kiti changu." Kiti kipi, baba? Nina hasira, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia.

Unamkumbuka yule nyota wa baharini uliyeniletea kutoka pwani, enzi zako za ualimu wa baiolojia? Mkavu, tumbo dogo kama kifungo cha koti, mikono mitano myembamba inayovunjika ovyo. Ulinifundisha kana kwamba bahari naijua. Mchana hujificha chini ya mawe, ulisema. Giza likiingia huinua mikono juu ya tope, akadaka chembe zinazoletwa na maji, na vijiguu vidogo vikazipokezana mpaka mdomoni, chini ya tumbo. Tena hana njia ya haja. Mabaki hutokea kulekule mdomoni! Nilicheka mpaka ugali ukapoa. Siku hiyo nilikupenda sana, na hilo ndilo linaloniuma.

Mkono mmoja ukanikatikia. Nikalia. Ukasema, "Usilie. Samaki akimkamata, anauacha mkono anakimbia. Utaota tu."

Basi nikachota chumvi ya mama, nikaikoroga kwenye beseni, nikautumbukiza ule mkono, nikaunyunyizia dagaa waliosagwa. Mtoto wa Mpanda bahari ataijulia wapi? Asubuhi ulipita na begi lako, ukaliona beseni, ukacheka. "Endelea kuulisha. Nikirudi utakuwa nyota mzima."

Ukaenda stesheni, eti kozi ya miezi mitatu. Nilibadilisha maji kila siku. Mama alipolimwaga beseni kwa sababu lilinuka, nilimtukana. Nilimtukana mama, aliyekuwa ametoka shambani na udongo miguuni, kwa ajili yako wewe.

Hukurudi. Tukasikia una mke huko, na watoto.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa baiolojia, huku Kabungu, karibu na Mpanda. Wiki iliyopita nilimchora nyota yule ubaoni, nikaeleza kwamba akiacha mkono huota mwingine, na maisha yake yanaendelea. Binti mmoja akanyoosha kidole: "Madamu, na ule mkono wenyewe je?"

Nikamwambia ukweli. Unachezacheza kidogo, halafu unakufa. Nikageukia ubao, nikajifanya nafuta, kumbe nafuta machozi.

Ulijua, baba. Ulikuwa mwalimu! Uliniona nalisha kitu kilichokufa, ukacheka, ukaenda kupanda treni.

Kiti cha baba atakikalia mama. Baba mdogo amenung'unika, "Mambo gani hayo, mwanangu? Kwetu hayajawahi kutokea." Nimemjibu kwamba Jumamosi yatatokea. Ukija utapewa sahani ya pilau kama mgeni yeyote, maana mama hakunilea nimfukuze mtu aliyetoka mbali. Ila usinishike mkono kuniingiza ukumbini. Mkono huo una mwenyewe.

Kitabu kinasema mkono ulioachwa hufa, nami nitaendelea kufundisha hivyo, kwa sababu kwa nyota ni kweli. Lakini sisi hatukufa. Njoo Jumamosi uone.

Safari njema, kama safari hii utafika.

Ni mimi,
binti wa mama.