Tairi Lisikae Chini

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Jirani yangu mshonaji anaandika kama ninavyosema. Paka amezaa kwenye kapu la nguo, na goti bado linanisumbua.

Picha ya gari lako la kulala ndani safarini nimeiona. Zuri, ila tairi la akiba umelifunga chini ya gari, palepale babu yako alipofunga lake. Alilala chali barabarani alifungue, jeki ikateleza. Mimi nilikuwa kando, nimemshikia nati.

Mwambie mchomeleaji akuwekee chuma imara nyuma, tairi ulitoe ukiwa umesimama. Usiniambie eti litaziba dirisha. Maiti hachungulii dirishani.

Nimeshamzika mume mmoja aliyetolewa chini ya gari. Wewe ubaki unizike mimi.

Bibi yako, mkeo mkongwe