Rangi ya Shingo ya Malunde

Kabula wangu,

Naandika kwenye daftari lako, kurasa za mwisho ambazo hukuzifikia. Usinune. Za mbele sijazichafua, na nimechukua kalamu yangu mbovu. Zile zako za kuandikia majina ya watu kwenye kadi ziko kwenye kopo lake vilevile.

Milembe anaolewa Jumamosi. Najua unajua, maana harusi ya mdogo wako uliianza wewe kabla hata mchumba hajaleta ng'ombe. Umemwandikia ukurasa mzima, kwa mwandiko wako ule wa kulala upande kama mpunga uliopigwa upepo: "Kadi, rangi ya maziwa yaliyoganda. Maua, jani la tumbaku bichi. Sare za akina mama, Malunde, pale chini ya shingo." Halafu pembeni kwa herufi ndogo: "Mama atataka zambarau. Msimkubalie."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaendelea kukaa.

Nilipousoma ukurasa huo kwenye kikao cha kamati, walicheka na wao, eti akina mama wavae rangi ya ng'ombe. Baba yenu mdogo, ndiye mwenyekiti, akaniuliza, "Shemeji, hii ni harusi au zizi?" Yeye alitaka bluu na dhahabu, kama harusi zote. Shangazi yenu akasema rangi zilizochaguliwa na marehemu zitamfuata bibi harusi na mkosi. Nikasimama. Unanijua nikisimama! Nikawaambia, nyie wote hapa, nani kaozesha mtoto Mpanda hii bila kadi ya Kabula? Mashine zimejaa mjini, lakini watu walikuwa wanapanga foleni kwenye kibanda cha mwanangu waandikiwe majina kwa mkono. Na mkono ule niliuzaa mimi, mimi wa darasa la saba!

Mwenyekiti akasema sawa, kikao kijacho leta kitambaa cha hiyo Malunde tukione. Usipopata, ni bluu.

Mwanangu, Malunde tulimchinja kwenye msiba wako. Wote waliokaa kile kikao walikula nyama yake, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka.

Mimi nilikumbuka, maana ngozi niliiomba. Waliiwamba juani, ikakauka, nikaitandika pembeni ya kitanda. Asubuhi nikiamka miguu inaikuta kwanza hiyo. Milembe hajawahi kuniuliza kwa nini, na mimi sijamwambia.

Basi nikaikunja, nikaifunga kamba, nikapanda bodaboda kutoka hapa Kasokola kwenda mjini. Dereva ananiuliza, "Mama, na huyu ng'ombe tunamhesabu abiria?" Dukani ndiyo usiseme. Kabla sijavuka mlango kijana anapaza sauti, "Mama, ngozi hatununui hapa!" Nikamjibu, siuzi, naozesha. Nikaitandaza juu ya meza yao ya kukatia vitambaa, harufu na yote.

Wakaniletea kahawia. Wakaniletea kijivu. Wakaniletea kaki kama ya mgambo. Hakuna. Wewe unaijua ile rangi, ni majivu yaliyomwagiwa chai ya maziwa, na ukitazama kwa pembeni kuna wekundu kidogo. Nilizunguka maduka matatu na ng'ombe wangu begani. La tatu nilitaka kukubali tu, jua lilikuwa limenimaliza. Ndipo nikakusikia, vile ulivyokuwa unawaambia mabibi harusi waliochoka kuchagua: "Usikubali rangi kwa sababu ya miguu." Nikamwambia mwenye duka, toa na ile ya chini kabisa, yenye vumbi.

Kabula, aliiweka juu ya shingo ya Malunde na sikuona tena kitambaa kinaanzia wapi. Nililia pale mbele ya watu. Mwenye duka alinipa kigoda, akaniacha.

Kwenye kikao sikuongea sana, si kawaida yangu. Nilitandika ngozi, nikatandika kitambaa. Baba yenu mdogo aliipapasa ile shingo muda mrefu. Akasema, "Kumbe tulimla bila kumtazama." Shangazi yenu ndiye alikuwa wa kwanza kupimwa gauni.

Kadi nazo zimechapwa, rangi ya maziwa kama ulivyotaka. Nimekataa majina yapigwe mashine. Nayaandika mimi. Mwandiko wangu ni kuku amepita kwenye majivu, nimeharibu kadi nyingi tu, na jina la mchungaji nimelirudia mara nne. Ila hakuna aliyethubutu kunicheka.

Kibanda chako bado nakifungua siku nikienda mjini. Nafuta meza, nakaa. Mtu akipita akakuulizia, namwambia hayupo leo. Sijui kwa nini nasema leo.

Jumapili Milembe atakwenda Ikola kwa mumewe. Nitabaki mimi na ngozi. Kujisifu bado najisifu, lakini tangu uondoke hakuna wa kuniambia, "Mama, punguza chumvi." Watu wananiacha nimalize. Hujui inavyochosha kuachwa umalize.

Kadi yako niliiandika ya kwanza, kabla mkono haujachoka. Kabula tu, basi. Ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote, na hapo sizidishi. Nimeiweka kwenye ukurasa wa Milembe, na daftari litakuwa kwenye mkoba wangu ukumbini.

Lala, mwanangu. Zambarau sitavaa, nakuahidi. Nitavaa rangi uliyonichagulia, nitakaa mstari wa mbele, na nitaringa mpaka watu waseme yule mama amezidi. Hicho kitakachozidi ndiyo sehemu yako, nitakuwa nakuringia na wewe.

Mama yako