Beseni la Soksi

12 Februari

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii inakukuta na nafuu. Mimi mzima, sauti tu imenikauka kwa kupiga kelele uwanjani. Shangazi ameniambia hutaki kuongea na mimi kwenye simu kwa sababu ulimi bado mzito tangu upate kiharusi. Sawa, tuandikiane. Lakini amenipa na habari nyingine: yule dada wa mazoezi kutoka hospitali umemfukuza. Baba! Umefundisha michezo maisha yako yote, leo unamkimbia mtu anayekuambia unyanyue mguu?

Mimi huku nimekabidhiwa darasa lililofurika na mpira mmoja, nao unavuja. Mwanzoni niliwapanga mistari nikapuliza filimbi, kama ulivyonifundisha. Wakawa wananuna. Sasa tunachezea soksi kuukuu. Tunaziviringa, tunazirusha kwenye beseni. Ukikosa, unaenda kuokota mwenyewe. Ukipata, unasogeza beseni mbali kidogo. Hata mvivu anakimbia bila kujua kwamba anakimbia. Jaribu na wewe hapo chumbani. Ushike ukingo wa kitanda, na shangazi awe karibu.

Binti yako

27 Februari

Marahaba mwanangu,

Sisi hatujambo. Mwandiko utanisamehe, mkono wa kushoto ndio kwanza unaanza shule. Yule dada nilimfukuza kwa sababu ananihesabia moja, mbili, moja, mbili, kama vile mimi sijawahi kuwahesabia watu. Kumbe inaudhi hivyo! Na hakuna hata mwanafunzi wangu mmoja aliyethubutu kuniambia.

Huo mchezo wako ni utoto mtupu. Michezo ni mstari, filimbi na jasho. Shangazi yako ameweka beseni kwa ubishi wake tu, nami nikarusha soksi moja ili anyamaze. Nikakosa. Sasa niambie, ningeiacha pale sakafuni inanitazama? Nikasimama, nikaenda kuiokota. Shangazi yako akaanza kulia. Nikamwambia kama anataka kulia aende jikoni, ananiharibia shabaha.

Baba yako

15 Machi

Shikamoo baba,

Hali yako? Mimi tangu barua yako ifike natembea nikicheka peke yangu, walimu wenzangu wanadhani nimepata mchumba. Umesimama, baba! Umekwenda na kurudi!

Unisamehe, niliwasomea watoto kipande. Wamekubatiza Babu Soksi. Kila kipindi, kabla hata sijafungua mlango wa stoo, wananiuliza: "Mwalimu, Babu Soksi amefika wapi?" Niwajibu nini?

Binti yako

1 Aprili

Marahaba kocha,

Mimi ni mzima kuliko wewe. Babu Soksi! Na heshima yangu yote! Haya, waambie watoto wako kwamba chumba kimekuwa kidogo. Beseni sasa liko mlangoni mwa sebule, na ukingo wa kitanda nimeuaga. Shangazi yako anapiga kelele nishike fimbo. Nimemwambia fimbo ni ya wazee.

Likizo ukija usishangae, nitakupokea nimesimama nje.

Baba yako

8 Aprili

Baba yangu, shikamoo,

Sijui nikuulize vipi hali wakati naijua. Shangazi amenipigia simu. Ametoka kwenda dukani mara moja tu, karudi kakukuta umelala kwenye ngazi ya nje, nyonga imevunjika, na beseni liko huko bombani, uani.

Ni mimi, baba. Niliandika "ukipata, sogeza." Watoto beseni lao likifika ukutani mchezo umekwisha. Nilisahau kabisa ninamwandikia nani: mtu ambaye hajawahi kuridhika na ushindi hata siku moja. Kwako wewe ningeweka ukuta.

Soksi nimezifungia stoo. Nimerudi kwenye mistari na filimbi, angalau havijamvunja mtu. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa, Jumamosi ijayo nitakuwa kando ya kitanda chako. Uningoje.

Binti yako

13 Aprili

Marahaba mama,

Naandika nimelala, kwa hiyo herufi nazo zimelala. Barua yako shangazi amenisomea, kwenye yale ya kujilaumu nikamwambia aruke.

Kwanza nikueleze jambo ambalo hukuambiwa. Soksi iliingia. Nilirusha nikiwa mlangoni, ikaingia. Nilikuwa nashuka kwenda kulisogeza beseni.

Pili, umewarudishia mistari? Umeniumiza kuliko nyonga. Wafungulie stoo. Mimi hapa natamani kusimama tu, hata kidogo. Kusimama ni raha sana, mama, sema watu hawajui.

Baba yako

6 Mei

Baba,

Mkono umeandika shikamoo wenyewe, nikaifuta. Sina wa kuniitikia.

Nilifika Jumamosi nikakuta viti vimetolewa nje ya nyumba, nikajua kabla mtu hajafungua mdomo. Daktari alisema ni moyo, ulichoka. Barua yako tulipishana nayo njiani, nimeikuta shuleni baada ya kukuzika.

Nilimwomba shangazi aniambie kwamba si kosa langu. Aliendelea kukunja shuka zako. Kisha akasema, "Mchezo ule ndio uliomwangusha. Na tangu augue, sikumsikia akicheka ila kwenye mchezo ule. Yote mawili ni yako, mwanangu. Sikupunguzii hata moja." Nilimkasirikia. Sasa namshukuru, maana wengine wote wananidanganya.

Jana watoto waliniuliza umefika wapi. Nikawaambia umefariki. Nikawaeleza ulivyosimama mlangoni ukarusha soksi kuelekea bombani. Binti mmoja wa mstari wa nyuma akauliza, kwa sauti ndogo, "Alipata?"

Nikamwambia ulipata.

Wakapiga makofi, baba, uwanja mzima. Niliwapa kisogo nikalia hapo hapo, filimbi mdomoni. Alhamisi nina kipindi nao tena. Naogopa, lakini stoo nitafungua.

Binti yako