Gobori Lako Lina Taji la Mwingereza

Baba mpendwa,

Wewe umelala zako hapo Kichiwa, miguu umenyoosha. Mimi ndiye ninayepanda na kushuka Boma la Njombe kwa ajili ya gobori lako, na leo nitakusema, maana ulipokuwa hai hukuambilika.

Bwana Shauri, yule Mwingereza wa Boma, ametaka kila bunduki ya zamani ielezwe: imetengenezwa wapi, ina alama gani. Isiyojulikana asili inachukuliwa na kukatwakatwa. Mama aliposikia alilia. "Wakilichukua, mwanangu, watakuwa wamemzika baba yako mara mbili."

Basi nikaanza kutafuta asili. Mimi uliniambia ulimnyang'anya askari wa Mjerumani. Dada ulimwambia uliachiwa na Mwarabu wa msafara. Mwinjilisti ulimwambia ulilirithi! Karani wa Boma aliandika yote matatu, akaweka kalamu chini. "Ndugu, baba yako alikuwa na magobori mangapi?" Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Na alama? Kila Jumamosi ulikaa kizingitini ukilisugua kwa majivu na mchanga, eti chombo cha Mkristo hakilali na uchafu. Ukasugua, baba, ukasugua, mpaka chuma kikabaki kitupu kama sahani. Mimi nilikuwa nakumiminia maji, nikikuona mtu wa maana kuliko wote duniani.

Nikalibeba hadi Makambako, kwenye gereji ninayofanya kazi. Nikafungua skrubu za mtambo wa kufyatulia, ule wa ubavuni, mahali mchanga wako haukufika. Ndani nikakuta taji dogo, lilelile lililo kwenye barua za Bwana Shauri. Mjerumani gani huyo wa kubeba taji la Mwingereza? Nilicheka peke yangu. Kisha nikaona kwamba mahali pa springi hapana springi. Pamejazwa kitambaa, kimeoza kwa miaka na miaka.

Nikamuuliza mama. Akainamisha kichwa. "Halijawahi kulia tangu anioe. Lilikuwa debe."

Debe! Ni alfajiri ngapi nguruwe waliingia kwenye mahindi, ukatufungia ndani eti baruti isitudhuru, tukasikia paa! paa!, kisha ukarudi gobori begani, sauti imekukauka kwa kuwapigia kelele? Kijiji kizima kilikuheshimu kwa debe la mafuta ya taa. Nilikasirika nikashindwa hata kula.

Karani aliandika: la Kiingereza, bovu, halilii. Akanirudishia. Mama amelitundika palepale pako.

Mwezi mzima nimekununia. Ila juzi nilikuwa nyumbani, na alfajiri nguruwe wakarudi, na mahindi hayo ndiyo chakula chetu cha mwaka. Nikawaambia wote wabaki ndani. Nikatoka na gobori begani, debe nimelificha chini ya koti.

Niliporudi, mkweo, mke wangu, alikuwa amesimama mlangoni, macho yanamng'aa. "Limelia?"

"Mara mbili," nikamjibu.

Basi lala, baba. Sauti imenikauka.

Mwanao wa kwanza