Mgongo wa Beji ya Kaka

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Wifi yangu hajambo? Na binti yako, bado anakataa kula mpaka asomewe hadithi? Mwambie shangazi yake anamuulizia. Barua yako ya mwisho niliifurahia, ingawa uliiandika kama treni isiyo na kituo. Uliwahi kufundishwa kugawa aya, na aliyekufundisha ni mimi.

Mimi sijambo, kwa umri wangu. Jicho la kushoto limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na daktari ameridhika. La kulia, kama ujuavyo, si la kutegemewa, kwa hiyo bandeji ilipokuwapo nilitembea nyumbani kwa kupapasa kuta. Jirani yangu muuguzi alikuja kunitia dawa asubuhi na jioni. Sasa naona herufi vizuri, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kabla ya kwenda hospitali nilipata beji nyingine kuukuu ya kuongeza kwenye sanduku langu la beji: tarumbeta iliyotariziwa kwa uzi wa fedha juu ya sufu nyekundu, ya mpiga bendi wa jeshi la zamani. Mjane wake alikuwa ameitumia kuzibia tundu la mto. Nondo walikwisha kula pembe moja, nami nikaifunga ndani ya mfuko na kuomba nafasi katika friji ya muuguzi, maana baridi kali huua mayai ya nondo bila kuudhuru uzi. Muuguzi aliniuliza kama itapikwa na vitunguu. Ilipotoka niliifunika kwa kipande cha chandarua na kupitisha brashi laini juu yake, vumbi likatoka, nyuzi zikabaki. Weusi wa fedha niliuacha. Baba alitufundisha kwamba beji iliyozeeka haisuguliwi. Anayeisugua huondoa ile dhahabu au fedha nyembamba iliyo juu, akabaki na waya mtupu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu.

Unaikumbuka beji ya kaka yetu mkubwa, ingawa yeye mwenyewe humkumbuki vizuri. Baba aliitarizi kwa mkono wake siku kaka alipopandishwa cheo. Kaka akaishona kwenye koti lake kambini, peke yake, kwa uzi mweusi na mishono iliyopinda kama nyayo za kuku. Baba alicheka mpaka akakaa chini: mtoto wa mtarizi, na sindano haimjui. Koti liliporudi bila mwenyewe, mama aliifumua beji kwa pini, polepole, ili ncha za ule uzi mweusi zibaki zimening'inia nyuma. Baba alitaka kuzipunguza. Mama akamwambia, "Mbele ni kazi yako. Nyuma ni mkono wa mwanangu. Usiuguse." Hatuna kitu kingine alichokifanya kaka kwa mikono yake. Kwa hiyo wageni niliwaonyesha mbele, na sisi wa nyumbani tuliangalia nyuma.

Kaka yako wa kati, ambaye sote tunamwita Kepteni ingawa cheo chake kikubwa ni kusimamia walinzi wa ghala la saruji, alialikwa kwenye mkutano wa familia za askari waliokufa. Alikuja kuomba beji aivae. Nilikataa, nikampa picha ya kaka, tena ikiwa kwenye fremu. Hakuitaka. Alisema dada za wenzake hufuga kuku, lakini dada yake anafuga viraka. Nilicheka naye, nikadhani yamekwisha.

Nilipolazwa, alijitolea kuiangalia nyumba.

Jioni ile niliporudi, nikiwa nimefungwa bandeji, nilifungua sanduku ili nijue kweli nimefika kwangu. Beji zote huzishika kwa glovu za pamba, isipokuwa ile ya kaka. Vidole vyangu vilitafuta zile ncha za uzi vikakuta mgongo laini kama shavu la mtoto. Nikadhani nimekosea trei. Nikapapasa ukingo, nikakuta safu ya matundu ya sindano iliyonyooka. Mkono wa mtu haushoni hivyo. Ile ni cherehani. Kisha nikasikia harufu ya dawa ya kung'arishia shaba.

Nilimwita Kepteni. Alikuja na papai, akalikata mwenyewe, akaniwekea kipande mkononi. Hakukana lolote.

"Dada, si nimeirudisha? Tena inang'aa kuliko ulivyoiacha."

Nikamuuliza uzi uko wapi.

"Uzi upi? Vile vinyuzi vyeusi? Fundi alivikata ili beji ilale vizuri kifuani. Dada, watu walisimama wakanipigia saluti."

Alisema hivyo kwa furaha kabisa. Hadi leo anaamini alinifanyia hisani. Muuguzi alinishika mkono tukaenda kwa fundi cherehani, naye, maskini, alitumwagia kapu lote la vipande vya nguo mbele ya miguu yetu. Muuguzi alipekua, mimi nikapapasa. Mwishowe fundi akasema kwa upole kwamba takataka zake hutoka kila jioni.

Kepteni ni mtu wa vishindo, na kumkasirikia ni sawa na kuikasirikia mvua. Lakini nilimuuliza pia ufunguo wa sanduku aliupata wapi.

"Muulize kipenzi chako wa ng'ambo," akasema.

Mdogo wangu, ufunguo hukaa kwenye droo ya cherehani ya baba, chini ya kijaluba cha bobini za uzi. Nilikuonyesha wewe peke yako, ulipokuwa unafunga mizigo yako ya safari, kwa sababu nilikwisha kuamua kwamba sanduku lile litakuwa lako. Hata Kepteni, aliyelala chumba kimoja na ile cherehani utoto wake wote, hakujua.

Nilifundisha "kikulacho ki nguoni mwako" mwaka baada ya mwaka, nikiwaambia wanafunzi waangalie nondo. Sikufikiri kwamba siku moja nitasomewa mimi.

Huenda Kepteni alikudanganya kwamba nimekubali. Huenda ulimhurumia, ukaona si vizuri asimame mbele za watu bila kitu cha marehemu. Au huenda ameupata kwa kupekua tu, na sasa anakusingizia. Kwenye simu wewe hucheka kwanza ndipo ujibu, nami nimechoka kusikiliza kicheko nikitafuta jibu ndani yake. Niandikie. Sihitaji sababu nzuri. Nahitaji ukweli, hata ukiwa mfupi wa mstari mmoja.

Msalimie sana wifi, na umbusu binti yako kwenye paji la uso. Muuguzi anakusalimu. Kepteni naye angekusalimu kama ningemuuliza. Mungu awalinde katika nchi hiyo ya baridi, akupe pumzi nyepesi, na asikukutanishe na mtu wa kukufanyia yaliyonipata.

Beji nimeirudisha kwenye karatasi yake, mgongo ukiwa juu. Na ufunguo nimeurudisha palepale, chini ya kijaluba cha bobini. Muuguzi alinishauri niuhamishe. Nimekataa. Nikiuhamisha leo, nitakuwa nimelijibu mwenyewe swali nililokuuliza wewe.

Ni mimi dada yako mkubwa,
ambaye hajaacha kukupenda.